Dobi yuko wapi kwenye karatasi hii? Jibu kwa mwanafunzi aliyeuliza kuhusu kijiji cha India

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mipango ya vijijini hapa Dodoma. Tumepewa kazi ya kulinganisha kijiji cha nyumbani na kijiji cha nchi nyingine, nami nikapata karatasi ya sensa ya kijiji kimoja cha kaskazini mwa India. Ina idadi ya kaya, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0–6, SC, ST, wanaojua kusoma, wakulima, vibarua wa shamba, basi. Nimeandika kwamba kijiji kina makabila mawili, SC na ST, ila ST wamekwisha kwa sababu wameandikiwa sifuri. Mwenzangu ananicheka. Halafu uwiano wa jinsia umeandikwa 900 na ushei, sijui 900 ya nini. Kwa karatasi hii tu, naweza kusema kijiji kina watu wa aina gani?"

Marahaba, mwanangu. Mwenzako acheke kidogo tu, maana kosa lako wamelifanya watu wenye shahada tatu. Karatasi uliyoipata ni ya kweli na ina faida, lakini iliandikwa na serikali kwa haja zake yenyewe. Wewe unataka kujua watu ni kina nani. Serikali ilitaka kujua ni wangapi wanaoingia kwenye orodha fulani.

Tuanze na neno unalolijua tangu utotoni: dobi. Neno hilo tumelichukua kwao. Wao husema dhobi. Kwetu dobi ni mtu anayefua na kupiga pasi nguo za watu kwa malipo. Akipata mtaji akafungua duka la simu, udobi umeishia hapo. Kule dhobi ni mtu aliyezaliwa na wazazi dhobi. Akiendesha lori, ni dhobi anayeendesha lori. Akisomea ualimu, ni mwalimu aliye dhobi, na siku ya kumwozesha binti yake kuna uwezekano mkubwa atatafuta mkwe dhobi. Kundi la namna hii huitwa jati. Vitabu vyetu hulitafsiri "tabaka", na mimi sipendi, kwa sababu tabaka humfanya msomaji awaze tajiri juu na maskini chini. Jati ina hilo la juu na chini, lakini pia ina kuoana, ufundi wa kurithi, na hata nani hunywa maji ya mkono wa nani. Tuiache iitwe jati.

Kijiji cha kawaida cha nyanda za kaskazini huwa na jati kadhaa, pengine kumi, pengine ishirini. Karatasi yako haina hata moja. Ina SC na ST, na hivyo ni vikapu viwili ambamo serikali imemimina jati na makabila mamia kwa mamia. SC ni jati zilizoorodheshwa: zile ambazo zamani zilihesabiwa najisi, zikazuiwa kisimani na hekaluni. ST ni makabila yaliyoorodheshwa, mengi yao watu wa misitu na milima. Orodha hizo zimesimama juu ya ibara ya 341 na 342 za katiba ya 1950, na ndizo zinazogawa nafasi za masomo, za kazi serikalini na viti vya uwakilishi. Katika sensa ya 2011, SC walikuwa asilimia 16.6 ya watu wote wa India, ST asilimia 8.6. Waliobaki, yaani watatu katika kila wanne, karatasi haisemi ni nani. Wamo Brahmin wenye kusomea ibada, wenye mashamba makubwa, wafugaji, wafinyanzi, vinyozi, Waislamu, Wakristo, wote wamefungwa furushi moja lisilo na jina. Mtafiti mgeni akiona SC ni asilimia 20 huandika kwamba waliobaki ni "watu wa juu". Si kweli hata kidogo; wengi wao ni wakulima wadogo na mafundi ambao sheria huwaita tabaka zilizo nyuma.

Na sifuri yako ya ST? Haina maana kwamba watu wamekwisha. Orodha hutungwa jimbo kwa jimbo. Punjab na Haryana hazina kabila hata moja lililoorodheshwa, kwa hiyo kila kijiji cha huko kina sifuri kwenye safu hiyo. Uttar Pradesh nayo ina ST wachache mno. Sifuri hiyo inazungumzia orodha kabla ya kuzungumzia kijiji.

Sasa turudi kwa dobi, maana ndiye atakayekuonyesha ugumu wa jambo. Dhobi Mhindu wa Uttar Pradesh ni SC. Akihamia Maharashtra, jati yake haimo kwenye SC ya huko. Madhya Pradesh ndiko kichekesho: dhobi ni SC katika wilaya tatu tu, Bhopal, Raisen na Sehore. Binamu wawili, jina moja la ukoo, mmoja yumo kwenye safu na mwingine hayumo, kisa wilaya.

Halafu kuna dini. Amri ya rais ya 1950 ilisema SC lazima awe Mhindu. Masingasinga waliongezwa 1956 na Wabudha 1990. Waislamu na Wakristo hawajaongezwa hadi leo. Basi dhobi Mwislamu, hata kama babu zake walifua nguo za mabwana walewale kwenye mto uleule, hahesabiwi SC. Safu ya ST haina sharti la dini, na hapo kuna habari inayotuhusu sisi. Gujarat wapo Siddi, kizazi cha Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengine kama watumwa na wengine kama askari na mabaharia. Wapo wanaoishi kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir, na ngoma yao huiita goma. Huhitaji kamusi kujua neno hilo limetoka wapi. Wengi wa Siddi wa Gujarat ni Waislamu, na katika wilaya za upande huo wameorodheshwa ST. Mwislamu huyu yumo kwenye safu, Mwislamu dhobi hayumo.

Utaniuliza, kwa nini wasiandike tu jati na dini za kila kijiji? Dini huulizwa, lakini matokeo yake hayachapishwi kijiji kwa kijiji. Jati ndiyo yenye kisa kirefu. Mara ya mwisho sensa kuchapisha hesabu ya jati zote za India nzima ni 1931, enzi ya Mwingereza. Baada ya uhuru viongozi waliona kuhesabu jati ni kuzitia mbolea, wakabaki na SC na ST peke yake. Hoja hiyo hatuishangai sisi Watanzania, maana sensa yetu haiulizi kabila wala dini kwa sababu inayofanana. Lakini mwaka 2023 jimbo la Bihar lilijihesabu lenyewe, na ikaonekana kwamba wale wasio na jina kwenye karatasi yako ndio kijiji chenyewe: jati zilizo nyuma na zilizo nyuma zaidi kwa pamoja zilifika asilimia 63, na zile zisizo kwenye orodha yoyote asilimia 15 na nusu tu. Aprili 2025 serikali kuu ilikubali jati zihesabiwe kwenye sensa ijayo, ambayo siku yake rasmi ni tarehe 1 Machi 2027. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo karatasi yako ni ya 2011. Watoto wa 0–6 uliowasoma humo sasa wengine wana ndevu.

Nikupe kijiji halisi tukione kwa macho. Palanpur iko wilaya ya Moradabad, magharibi mwa Uttar Pradesh, na wanauchumi wamekuwa wakiirudia tangu 1957, kaya kwa kaya. Sijui kijiji kingine kilichoulizwa maswali mengi hivyo. Kilikuwa na watu 528 katika mwaka wa kwanza wa uchunguzi. 2008–09 walikuwa 1,255. Jati zake kubwa ni tatu. Thakur, wenye heshima ya kizazi cha wapiganaji na wamiliki wa ardhi. Murao, wakulima hodari ambao jadi yao ni bustani za mboga. Na Jatab, ambao zamani kazi yao ya jadi ilikuwa ngozi, na maisha yao vibarua vya shamba. Baada ya hao kuna Gadaria wachungaji wa kondoo, Dhimar wachota maji, Teli wakamua mafuta, Passi, na, ndiyo, dhobi. Teli na dhobi wa Palanpur ni Waislamu.

Soma sasa kijiji hicho kwa karatasi ya aina yako. Safu ya SC itawaonyesha Jatab na Passi. Dhobi humwoni. Murao humwoni. Na Thakur na Murao, ambao mvutano wao ndio historia ya kijiji kizima, wamekaa kwenye furushi moja kana kwamba ni ndugu. Sheria ya 1950 iliyofuta umwinyi wa ardhi Uttar Pradesh iliwaacha wakulima wengi na mashamba mikononi. Zilipokuja mbegu mpya za ngano na pampu za maji, Murao, ambao hawakuona haya kushika jembe wenyewe, walisonga mbele. Thakur kwa mila waliona kulima kwa mkono ni kujishusha. Kidogo kidogo utajiri ukahama. Mwanasosholojia M. N. Srinivas, aliyeishi kijiji cha Rampura karibu na Mysore mwaka 1948, alizipa jina jati za namna hii: jati tawala. Alikuwa na maana ya jati yenye watu wengi, ardhi ya kutosha na hadhi isiyo ya chini sana, hata kama Brahmin wanaizidi kwa usafi wa ibada. Ukitaka kuelewa kijiji chochote cha India, uliza kwanza jati tawala ni ipi. Karatasi haitakwambia, mwenye duka atakwambia kabla chai haijapoa.

Jatab nao wamebadilika. Reli inapita hapo, na vijana walianza kupanda treni kwenda Moradabad na Chandausi kutafuta vibarua, wengine wakaishia kwenye matanuri ya matofali. Fedha ya nje ya kijiji haijali sana nani ni mwana wa nani.

Ramani nayo ina lugha yake. Kijiji cha kaskazini huwa kimesongamana katikati ya mashamba, na ndani yake kuna vitongoji viitwavyo tola, kila jati na upande wake. Waliohesabiwa najisi walipewa ukingo. Kusini, Tamil Nadu, makao yao hutengwa kabisa: kijiji ni *ur*, kwao ni *cheri*. Ndiyo maana kisima kilikuwa jambo la kufa na kupona. Machi 1927, B. R. Ambedkar, mwenyewe mwana wa Mahar, jati iliyohesabiwa najisi, aliongoza maelfu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma la Mahad, na kwa maji hayo watu walipigwa. Katiba aliyosimamia kuiandika ilipiga marufuku unajisi huo katika ibara ya 17. Gandhi alikipenda kijiji akakiona chimbuko la India njema. Ambedkar aliliambia bunge la katiba, Novemba 1948, kwamba kijiji ni shimo la ujinga na ubaguzi. Mimi namwelewa Ambedkar zaidi, maana yeye ndiye aliyewahi kunyimwa maji.

Tuje kwenye hesabu, maana hapo mwalimu wako atakubana.

Uwiano wa jinsia kwanza. Tanzania tunahesabu wanaume kwa kila wanawake 100. Sensa ya 2022 ilitoa wanaume 95. India wanageuza: wanawake kwa kila wanaume 1,000. Vijijini mwaka 2011 ulikuwa 949. Kwa hiyo 900 na ushei ni upungufu wa wanawake, na ukiilinganisha na 95 yetu bila kugeuza utaandika kinyume. Usiridhike na namba moja. Piga hesabu ya watoto wa 0–6 peke yao. Kwa maumbile huzaliwa wasichana kama 950 kwa wavulana 1,000. Haryana mwaka 2011 ilikuwa na wasichana 834 tu wa umri huo, na pengo hilo limetokana zaidi na mimba za wasichana kutolewa baada ya kipimo cha kujua jinsia, kipimo ambacho sheria ya 1994 inakikataza.

Kwa watu wazima uwiano una mambo mengine ndani yake. Nenda Almora, kwenye milima ya Uttarakhand, utakuta wanawake 1,139 kwa wanaume 1,000. Hakuna muujiza; wanaume wako jeshini na mijini, wanatuma fedha. Na kaskazini karibu kila mwanamke Mhindu aliyeolewa alizaliwa kijiji kingine. Binti wa kijiji ni dada wa wote, haolewi humo humo. Kwa hiyo karibu nusu ya watu wazima wa kijiji ni wageni waliokuja na harusi, nao huitwa wake wa kijiji, hujifunika nyuso mbele ya wakwe, na wakienda kwao kuwatembelea wazazi hujifunua wakacheka kama wasichana. Kusini hali ni tofauti: Wahindu si wachache huoa mtoto wa mjomba, jambo ambalo mtu wa Lamu au Pemba hataliona geni, na mwanamke hubaki karibu na mama yake. Mimi naona tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu afya ya wanawake kuliko safu yoyote ya karatasi.

Kusoma. Sensa ya India huanza kuhesabu anayejua kusoma kuanzia miaka 7. Mtoto wa miaka 6 hata kama anasoma gazeti, kwao hajui. Basi usigawe kwa watu wote. Tuseme kijiji cha kufikirika kina watu 1,000, watoto wa 0–6 ni 150, na wanaojua kusoma ni 510. Ukigawa kwa 1,000 unapata asilimia 51. Jibu sahihi ni 510 kwa 850, asilimia 60. Kisha tenganisha wanaume na wanawake, maana wastani unaficha pengo ambalo ndilo habari.

Kaya ni watu wanaokula jiko moja. Ndugu wawili wakigombana wakajenga jiko la pili ndani ya ua uleule, kaya zimekuwa mbili. Kwa hiyo kaya kuongezeka pengine ni ugomvi wa wake za ndugu tu, wala hakuna nyumba mpya.

Kazi usiichukue kwa juujuu. "Mkulima" ni anayelima ardhi yake au ya kukodi, hata kwa kugawana mavuno. Aliyekodisha ardhi yake yote akakaa barazani hahesabiwi mkulima, ingawa ndiye mwenye shamba. "Kibarua wa shamba" hulipwa kwa kazi ya shamba la mwingine. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, vibarua (milioni 144) waliwapita wakulima (milioni 118 na ushei) nchi nzima. Kwenye kijiji chako, weka safu ya vibarua kando ya safu ya SC. Zikikaribiana, huenda ardhi haiko mikononi mwa SC. Na wanawake "wasiofanya kazi" usiwaamini. Mwanamke anayekamua nyati alfajiri, anayekandika mavi ya ng'ombe kwenye ukuta yakauke yawe kuni, anayepalilia shamba la mumewe, mara nyingi mume alimjibu karani kwamba mkewe yuko nyumbani tu.

Ukubwa nao uwe mwangalifu. India ya 2011 ilikuwa na vijiji 640,867 kwenye daftari, lakini zaidi ya 40,000 havikuwa na mtu. Daftari la zamani la ardhi huviita *be-chiragh*, visivyo na taa. Kwa vyenye watu, wastani ni kama 1,400. Wastani huo haufanani na Kerala, ambako "kijiji" kimoja huweza kupita watu 10,000 waliotawanyika kwenye minazi, wala na Himachal Pradesh, ambako nyumba ishirini juu ya mlima zinatosha kuitwa kijiji. Kijiji cha sensa ni kipande cha ardhi chenye mpaka wa kodi. Kijiji cha watu ni kitu kingine.

Jambo moja zaidi ambalo safu ya SC hulifanya: hugawa madaraka. Tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kazi Aprili 1993, viti vya baraza la kijiji, panchayat, hutengwa kwa SC na ST kulingana na idadi yao, na theluthi moja kwa wanawake. Majimbo mengi sasa yametoa nusu. Kwa zamu, kiti cha mwenyekiti nacho hufika kwa mwanamke wa Jatab. Wapo wanaokikalia kweli. Wapo ambao mume ndiye anayepokea wageni na kutia saini, hadi watu wamemtungia cheo: *pradhan-pati*, mume wa mwenyekiti.

Tahadhari ya mwisho inahusu macho yetu wenyewe. Wahindi tuliokua nao pwani na mijini wengi asili yao ni Gujarat na Kutch, na wengi ni wa jamii za biashara. Hata neno letu "banyani" limetokana na jina la jati za wafanyabiashara. Kwa hiyo mtu wa Dar akisikia kijiji cha India humwona mwenye duka na mizani. Kwenye kijiji chako mwenye duka huenda ni kaya mbili.

Kwa hiyo futa ile sentensi ya makabila mawili. Andika idadi ya SC kama ilivyo, sema waliobaki hawakutajwa, geuza uwiano, rekebisha asilimia ya kusoma. Na unitumie jina la jimbo na la wilaya, yote mawili. Bila wilaya siwezi kukwambia dobi wa hapo wamemhesabu wapi.